Barua ya wazi: Maji ya fukwe za Dar es Salaam yapimwe kila wiki, na majibu yabandikwe ufukweni

Kwa: Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni na Kigamboni, DAWASA (mamlaka ya maji safi na maji taka), NEMC (baraza la mazingira), TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu

YAH: USALAMA WA MAJI YA KUOGELEA KATIKA FUKWE ZA WAZI

Waheshimiwa,

Pasaka huangukia masika. Krismasi na Mwaka Mpya huja vuli ikiwa imetoka kunyesha au bado inanyesha. Kwa hiyo siku ambazo Coco Beach, Mbezi, Kunduchi na Mjimwema hufurika watu ndizo siku ambazo mito na mitaro ya jiji imetoka kumwaga baharini kila kilicholala humo tangu kiangazi. Sikukuu hizo tunasikia matangazo ya kuwaonya wazazi watoto wasizame, nayo ni matangazo ya lazima. Ila kuhusu maji yenyewe, mzazi anayeshuka na watoto pale Coco hakuti ubao unaomwambia leo yakoje.

Sisi tunaoandika tumesomea na tunafanya kazi ya maji taka na upimaji wa maji. Ombi letu kubwa ni moja: maji ya fukwe hizi yapimwe kila wiki kwa kipimo kinachofaa, na jibu libandikwe pale pale watu wanapovulia nguo, liwe zuri au baya. Mengine tunayoyaeleza hapa yanatokana na hilo.

Kwanza tutenganishe takataka na uchafu wa maji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hujitokeza kuokota chupa na mifuko ufukweni, na mchanga hupendeza. Hiyo haipunguzi hata kimelea kimoja majini. Ufukwe unaweza kung'aa na maji yake yakawa ya chooni. Unaweza pia kuwa na maji ya kahawia ambayo ni udongo tu ulioletwa na mvua. Macho hayapimi.

Kinachopimwa baharini ni enterokoki, bakteria wa utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu ya moto. E. coli hutumika zaidi kwenye mito na maziwa; katika maji ya chumvi hufa mapema, ukadhani bahari ni safi kumbe virusi vya maji taka bado vipo. Enterokoki hustahimili chumvi zaidi. Shirika la Afya Duniani limegawa fukwe katika makundi manne kwa kuangalia kiwango ambacho sampuli 95 katika kila 100 hazikivuki. Enterokoki zisizozidi 40 katika mililita 100 ni kundi la kwanza. Kutoka 41 hadi 200 ni la pili, 201 hadi 500 ni la tatu, na zaidi ya 500 ni la nne. Katika kundi la kwanza, uwezekano wa muogaji kupata ugonjwa wa tumbo kwa kuingia majini mara moja haufiki asilimia 1. Katika la nne unazidi asilimia 10. Kwa familia ya watu saba wanaoshinda baharini, tofauti hiyo si ya kitabuni.

Mtu asije akatuambia kwamba tayari tunacho kiwango cha taifa. Kiwango cha TZS 860 cha mwaka 2005 kinahusu maji taka yanapotoka mtamboni au kiwandani: BOD (oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, na koliformu (kundi la bakteria wanaotumika kuashiria uchafu) zisizidi 10,000 katika mililita 100. Ni kiwango cha kutiririsha maji, hakikutungwa kwa ajili ya mtoto anayemeza funda la maji ya bahari. Maji yanayokitimiza bado hayafai kuogelewa kabla hayajachanganyika sana na maji safi.

Sasa namna ya kuchukua sampuli, maana hapa ndipo vipimo vingi huharibika kabla ya kufika maabara. Chupa iwe imetakaswa, ya mililita 250 au zaidi. Mpimaji aingie hadi pale kina kinapofika mita 1, asimame akiwa ameelekea mawimbi ili asichote tope alilolitibua kwa miguu yake, aishike chupa chini na kuifungua sentimita 30 chini ya uso wa maji. Asiisuuze na asiijaze hadi juu. Aache nafasi ya hewa ili maabara iweze kuitikisa. Chupa iingie mara moja kwenye sanduku lenye barafu, gizani, na ifike maabara ndani ya saa 6. Chupa iliyokaa kwenye kiti cha mbele cha gari katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo hadi mchana haina maana tena: bakteria wamekufa, au wameongezeka, na hakuna anayejua ni lipi.

Saa ya kuchota nayo ina uzito. Jua la mchana huua bakteria, hivyo sampuli ya saa nane itatoa picha nzuri kuliko ya saa mbili asubuhi ya siku hiyo hiyo. Halafu kuna maji kupwa na kujaa. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu, kujaa na kupwa kukiwa kudogo, mambo hugeuka. Maji yanapopwa, mito na mitaro humwaga kwa nguvu, na kilichotoka humo hubaki karibu na pwani. Yanapojaa, maji safi ya nje husukumwa ndani na vipimo hushuka. Ukichota kila Jumatatu saa tatu, wiki moja utapata maji yanayopwa na wiki inayofuata yanayojaa, kisha utaona namba zinapanda na kushuka na kudhani maabara imekosea. Kwa hiyo kila chupa iandikwe saa, hali ya maji, upepo (kusi au kaskazi), na mvua ya siku tatu zilizopita. Bila maandishi hayo namba inakuwa yatima.

Tunapendekeza vituo 12 kwa kuanzia: viwili Ocean Road kuelekea mlango wa Mto Msimbazi, vitatu Coco Beach, kimoja Msasani, kimoja Kawe karibu na Mto Mlalakuwa unapoingia baharini, viwili Mbezi Beach, kimoja Kunduchi na viwili upande wa Kigamboni. Mara moja kwa wiki ni sampuli 624 kwa mwaka; ukiongeza asilimia 10 ya chupa za kuhakiki zinakuwa kama 690. Si mzigo wa kuogopwa. Mtu mmoja mwenye gari anaweza kuzunguka pwani ya kaskazini asubuhi moja, na mwingine akashika Kigamboni.

Maabara ina njia mbili. Ya kwanza ni kuchuja mililita 100 kupitia kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, kukilaza juu ya lishe maalumu ya enterokoki kwa nyuzijoto 36, kisha kusubiri takriban saa 44. Ni ya bei nafuu, ila jibu linakuja siku mbili baadaye. Ya pili hutumia vibao vyenye visima vidogo: sampuli huchanganywa na kemikali, hukaa kwenye nyuzijoto 41 kwa saa 24, na visima vyenye enterokoki hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Kwa maji ya bahari lazima sampuli ichanganywe mara kumi na maji yaliyotakaswa kwa sababu chumvi huvuruga jibu. Wapimaji waliozoea maji ya bomba husahau hatua hiyo. Kwa ufukwe wa umma tungechagua ya pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wana wataalamu wa kuisimamia, na wanafunzi wanaohitaji kazi ya namna hii.

Hata njia ya haraka inaleta jibu la jana. Ndiyo maana miji yenye uzoefu haingoji maabara mvua ikinyesha. Kaunti ya Los Angeles huwashauri watu wasiingie baharini kwa saa 72 baada ya mvua, hasa karibu na midomo ya mitaro. Durban, ambako mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya maji taka, ilifunga fukwe zake na kuutangazia umma zipi zimefunguliwa na zipi bado. Tunaomba Dar es Salaam ianze na sheria hiyo hiyo ya siku tatu, kisha irekebishwe kwa takwimu zetu wenyewe baada ya mwaka. Mvua ihesabiwe ya bonde zima. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua kubwa ikinyesha huko usiku, asubuhi Oysterbay, iliko Coco, kukiwa na jua kali, maji yaliyopita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani yako njiani. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne huusaidia. Coco iko kaskazini mwa mlango wa Msimbazi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Tuje kwenye chanzo. Mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, na mitambo mipya ya maji taka inayojengwa, ni mambo makubwa na tunayaunga mkono. Lakini mambo makubwa huchukua miaka, na kuna dogo linaloweza kuanza mwezi ujao: mitaro ya mvua inayotiririka wakati wa kiangazi.

Mtaro wa mvua, siku ya kumi bila mvua, unapaswa kuwa mkavu. Ukikuta una maji, yametoka mahali: bomba la maji safi lililopasuka, maji ya chini ya ardhi, maji ya kufulia, au choo cha mtu. Choo kikiwemo, hata kidogo kinatosha kuharibu ufukwe. Maji taka mabichi huwa na enterokoki kati ya laki kadhaa na milioni moja katika mililita 100. Tuchukue laki tano. Ili zishuke hadi 200, yanahitaji kuchanganyika mara 2,500. Mtaro unaotoa lita 1 kwa sekunde, kijito ambacho mtu anakiruka bila kukunja suruali, unadai mita za ujazo 2.5 za maji safi kila sekunde, usiku na mchana. Pale ambapo mwamba hubakiza madimbwi maji yakipwa, na watoto hupenda madimbwi hayo kwa sababu hayana mawimbi, mchanganyiko huo haupo.

Kuvitafuta vyanzo hivi si kazi ya mitambo ghali. Chagueni wiki kavu na siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, mtembee pwani yote mkiandika kila mdomo wa mtaro unaotoa maji, na kukadiria wingi wake kwa ndoo na saa. Pimeni amonia, ambayo hutokana na mkojo, kwa vijiti vya kubadilika rangi. Ikizidi miligramu 1 kwa lita, ufuatilieni mtaro huo. Fungeni vipande vya pamba isiyopaushwa ndani ya mtaro kwa siku nne au tano, kisha mvimulike gizani kwa taa ya urujuanimno. Vikiwaka buluu, vimenasa kemikali ya kung'arisha nguo iliyomo kwenye sabuni za unga, yaani kuna maji ya majumbani. Pamba ikiwaka na amonia ikiwa ndogo, huenda ni ya kufulia tu. Vyote viwili vikiwa juu, choo kipo. Hapo mnapanda na mtaro kwenda juu, chemba kwa chemba, mkipima kila unapogawanyika, hadi mbaki na nyumba tano au sita. Mwisho rangi ya fluoresini, isiyo na madhara kwa kiasi hicho, inamwagwa kwenye choo kinachoshukiwa na maji yanavutwa mara kadhaa. Mtu akasimama mtaroni na kuona kijani kinapita, mjadala umekwisha.

Mara nyingi mwenye nyumba hana habari kwamba fundi alimuunganishia bomba mtaroni. Maeneo ya pwani kama Mikocheni na Msasani maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Shimo la kunyonyea maji linajaa upesi, na badala ya kulipia gari la kunyonya kila mara, fundi anatoboa kuelekea mtaro. Faini peke yake itamfanya azibe leo na kutoboa kesho. Apewe siku 30, aambiwe shimo lake linahitaji nini, na kama bomba la DAWASA limepita barabarani kwake aunganishwe kwa malipo ya awamu. Faini imngoje wa mara ya pili. Kwa hoteli na migahawa ya ufukweni hatuna upole huo. Wenye mitambo midogo ya kusafisha maji taka waonyeshe kumbukumbu za umeme, kwa sababu pampu ya hewa ikizima saa kadhaa bakteria wanaofanya kazi hukosa oksijeni, na mtambo huendelea kutoa maji machafu siku kadhaa baada ya umeme kurudi. Kama jenereta inawasha baa lakini haiwashi pampu ya hewa, leseni ijadiliwe.

Pale ambapo chanzo hakitapatikana haraka, mtaro uzuiwe mdomoni. Kizingiti cha zege cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha kuyakamata maji ya kiangazi, yakapita kwenye wavu wa chuma na kusukumwa kwenye mtandao wa maji taka. Mvua ikija, maji yanapita juu ya kizingiti kwenda baharini kama kawaida. Vitu vitatu huua kazi hii. Mchanga na plastiki hujaza kisima cha pampu, hivyo lazima kisafishwe kila wiki, na mara mbili kwa wiki wakati wa mvua. Maji ya bahari ya bamvua hurudi nyuma na kuingia kwenye mtandao, yakala pampu kwa kutu na kudhoofisha bakteria wa mabwawa ya kusafishia maji taka. Kizingiti kiwe juu ya maji makuu ya bamvua, au kiwekwe mlango wa kufunguka upande mmoja. Cha tatu ni bili ya umeme isiyo na mwenyewe. Nacho ndicho huua kwanza.

Mabwawa ya maji taka nayo yanahusika, hata yaliyo mbali na pwani. Ya Vingunguti hutiririsha kwenye Msimbazi. Bwawa la kwanza likijaa tope hadi theluthi ya kina chake, maji hayakai siku zilizokusudiwa. Hupita njia ya mkato juu ya tope, na mabwawa ya mwisho, ambayo kazi yake ni kuacha jua liue vimelea, hupokea maji yasiyoiva. Magari ya kunyonya yanayomwaga hapo huleta tope la vyoo lenye nguvu mara nyingi kuliko maji ya mtandao. Tunaomba kina cha tope kipimwe kwa mti na kitambaa cheupe kila miezi sita, na namba itangazwe. Bomba la katikati ya jiji, ambalo kwa miongo mingi limepeleka maji taka baharini Ocean Road bila kusafishwa, litabaki tatizo hadi mtambo wake ukamilike. Hadi siku hiyo, pale pawe na ubao mwekundu wa kudumu, bila kungoja kipimo.

Kuna kutapisha vyoo. Kila mtu mjini anakujua: mvua ikianza, tundu linafunguliwa ubavuni mwa choo na kilichomo kinakwenda na mafuriko. Kukataza bila njia nyingine hakujafanya kazi na hakutafanya. Gari kubwa haliingii kwenye vichochoro vya Manzese au Kigogo; pampu za mkono na pikipiki za matairi matatu zenye matangi zinaingia. Huduma hiyo ipewe ruzuku Februari, kabla ya masika, wakati familia inaamua kama italipa au itangoja mvua.

Shida ya yote haya ni wenyewe. Mtaro wa barabarani ni wa TARURA au TANROADS (wakala wa barabara kuu), maji taka ni ya DAWASA, mto ni wa Bodi ya Bonde, mchanga ni wa manispaa, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasimamiwa na NEMC. Kila ofisi ikiulizwa ina jibu sahihi la kwa nini si yake. Tunaomba Mkuu wa Mkoa ateue ofisi moja, kwa barua, iwe na jukumu la namba za ufukweni, na afisa mmoja mwenye mamlaka ya kufunga ufukwe asubuhi hiyo hiyo bila kuitisha kikao.

Ubao wenyewe uwe wa rangi: kijani hadi enterokoki 200, njano kutoka 201 hadi 500, mwekundu zaidi ya hapo au ndani ya siku tatu baada ya mvua kubwa. Uandikwe kwa Kiswahili, tarehe ya sampuli ionekane, na ukae kituo cha bodaboda, maegesho na kwa wauza mihogo. Usiwekwe ndani ya geti la ofisi. Wafanyabiashara watalalamika siku za mwekundu, na wana haki ya kusikilizwa: waonyesheni vipimo vya wiki zote, maana ufukwe usiopimwa nao hupoteza wateja, kwa uvumi. Ufukwe mmoja usihukumiwe kwa sampuli moja. Kundi lake litangazwe baada ya sampuli 20, yaani kama miezi mitano. Na kwa kuwa enterokoki huweza kuishi kwenye mchanga wa moto wa nchi zetu bila choo chochote kuwa karibu, namba kubwa isiyoeleweka ifuatwe na ukaguzi wa mitaro kabla ya kumlaumu mtu.

Tunaomba jibu la maandishi lenye mambo manne: jina la ofisi itakayobeba jukumu, orodha ya vituo vya kupimia, maabara iliyochaguliwa, na tarehe ya sampuli ya kwanza. Sampuli hiyo ichukuliwe kabla ya masika, ili tuwe na namba za kiangazi za kulinganisha na zitakazofuata mvua.

Wenu katika kazi,

Wahandisi wa maji taka na wapimaji wa maji, Dar es Salaam